Thelathini na Moja Juni

Sifuri nyingine! Emiliana aliitazama ikiwa imekaa juu ya karatasi yake ya mazoezi, nyekundu, ya mviringo mzuri kabisa, akaona aibu mpaka masikio yakamwasha. Na mwalimu aliyempa hiyo sifuri, kijana Raphael, alimwamkia kwanza. "Shikamoo mama," alisema kwa adabu zake zote, halafu ndipo akamwekea karatasi mezani. Sasa mtu wa namna hiyo utamgombeza kwa lipi? Marahaba umeshaitikia, na sifuri umeshapata.

Chini ya sifuri alikuwa ameandika kwa mwandiko mdogo: "Mama, hili ni jibu zuri, lakini si la swali langu. Andika kitakachotoka, si kilichokusudiwa."

Mwajabu, aliyekaa naye dawati moja, alichungulia akaguna. "Pole, shoga. Mimi nimepata nusu, na hiyo nusu sijui imetoka wapi."

Walikuwa kwenye chuo cha kompyuta kilichofunguliwa mjini Dodoma ndani ya jengo lililokuwa duka la ushirika. Rafu za sukari na khanga zilikuwa bado ukutani, ila sasa zilibeba vitabu vichache na vumbi jingi, maana upepo wa Dodoma hauna mahali usipoingia. Kompyuta zilikuwa mbili kwa darasa zima, na umeme ulikuja ulipotaka wenyewe. Kwa hiyo mazoezi ya nyumbani yalifanywa kwa kalamu na karatasi. Raphael alikuwa akiwaambia, "Nyumbani hamna kompyuta, sawa. Basi kompyuta ni wewe. Soma mstari, fanya ulichoambiwa, nenda mstari unaofuata."

Na zoezi lenyewe wala halikuwa la kutisha. Raphael alikuja darasani na viberiti viwili vitupu, kimoja amekiandika A, kingine B. Ndani ya A akaweka kipande cha karatasi chenye tano, ndani ya B chenye tisa. "Kila kiberiti kinaingia karatasi moja tu," alisema. "Ukiingiza mpya, ya zamani imetoka, imetupwa, usiitafute." Halafu akawapa programu fupi waende nayo nyumbani. Iliitwa programu ya kubadilishana. Mstari mmoja ulisema: weka ndani ya A namba iliyomo B. Mstari uliofuata ulisema: weka ndani ya B namba iliyomo A. Mwisho: chapa A, chapa B. Swali: itachapa nini?

Emiliana alijibu tisa na tano. Si ndiyo kubadilishana? Cha A kiende B, cha B kiende A, kama jina la programu linavyosema. Angejibu nini kingine mtu mwenye akili zake?

Mnajua lakini kwa nini mama wa makamo, mpiga chapa wa serikali mwenye heshima zake, alikuwa anahangaika na viberiti saa kumi za jioni badala ya kuwa nyumbani kwake Ipagala? Ilikuwa mwaka tisini na sita, na miaka ile neno lililotisha maofisini lilikuwa moja tu: kupunguzwa. Mashirika yaliuzwa, viwanda vikapata wenyewe wapya, na watu waliozoea kusikia king'ora cha kuingia kazini asubuhi wakajikuta wanauza mitumba. Serikalini nako waraka ulikuja. Kila kitengo kitabaki na mpiga chapa mmoja, naye awe anajua kompyuta. Kitengo cha akina Emiliana kilikuwa na wawili, yeye na Mwajabu. Wote wakajiandikisha chuoni, wakawa wanakwenda pamoja na kurudi pamoja, kila mmoja akijua kwamba mwisho wa mwezi wa sita mmoja wao atafungasha.

Emiliana alikuwa mjane. Alikuwa na binti mmoja, Ruthu, aliyemaliza kidato cha sita akisubiri majibu. Nyumba, chakula, na tumaini la Ruthu kuendelea na masomo, vyote vilikaa juu ya ile kazi.

Tena usidhani alikuwa mpiga chapa wa kubahatisha. Katika jengo lile hapakuwa na mkono kama wake. Mkuu wa kitengo, Mzee Lameck, alikuwa mtu mwema, mcheshi, lakini kwenye kuandika, Mungu amsaidie! Rasimu zake zilikuwa balaa. Sentensi inaanza na mtu mmoja inaisha na watu watatu. Majina anayachanganya. Mwajabu anamwita Emiliana, na Emiliana anamwita Mwajabu. Tarehe ndiyo usiseme: kwake kila mwezi ulikuwa na siku thelathini na moja, hata Februari alishawahi kuipa. Emiliana alizipokea rasimu zile, akaketi, na vidole vyake vikarekebisha vyenyewe. Palipopinda pakanyooka. Barua ikirudi mezani kwa mzee imetulia kama maji ya mtungini, naye anatia saini bila kusoma, na wakubwa huko juu wanasifu: Lameck bwana, anajua kuandika!

Emiliana hakumwambia mtu. Alilelewa hivyo. Mama yake kule Mkonze alikuwa akisema mkubwa akijikwaa wewe tazama pembeni. Kusitiri ni ibada. Ndiyo maana Mwajabu alimtia aibu kila alipochukua penseli, akaweka alama za kuuliza kwenye rasimu, akaenda kugonga mlango. "Mzee, hapa vipi? Mzee, hii tarehe mbona haikai?" Emiliana alikuwa akimwonya, "Mwajabu, utamchosha mzee wa watu. Wewe nyoosha tu, yaishe." Mwajabu, mtu wa Kondoa asiyependa maneno ya kuzunguka, alijibu, "Nikinyoosha nisichokijua nikaharibu, je? Asiyeuliza hana ajifunzalo, shoga."

Basi siku hiyo Emiliana alirudi Ipagala na sifuri yake, akamwonyesha Ruthu. Binti akaisoma ile programu akiwa amesimama, ndizi mdomoni.

"Tisa na tisa," alisema.

"Tisa na tisa vipi? Imeandikwa kubadilishana!"

Ruthu akaingia ndani akatoka na vikombe viwili, kimoja kina chai, kingine uji. "Haya mama. Mimina uji ndani ya kikombe cha chai. Lakini kikombe ni kama kiberiti, kinaingia kitu kimoja, kwa hiyo chai mwaga kwanza. Umemwaga? Sasa chukua kilichomo kwenye kikombe cha chai ukirudishe kwenye kikombe cha uji. Ni nini hicho?"

"Uji."

"Na chai iko wapi?"

Emiliana alitazama pale chini, chai inanyonywa na mchanga. "Aliyeandika programu alitakiwa awe na kikombe cha tatu," alisema polepole. "Aweke chai pembeni kwanza."

"Alitakiwa, ndiyo. Lakini hakuandika. Na wewe umemtilia kikombe cha tatu kichwani mwako bila kumwambia, ndiyo maana umepata sifuri."

Emiliana aliikunja ile karatasi ya sifuri. Maneno yale yalimgusa mahali ambapo hakujua kama panauma.

Jumamosi alasiri Ruthu akaja na mchezo mpya. Alimwandikia mama yake maelezo ya kupika ugali, akasema leo unapika kwa kufuata karatasi. Kuinjika sufuria, kusubiri maji yachemke, kutia unga, kusonga, basi. Emiliana akajifunga khanga, akachukua jiko, akatia mkaa, akawasha, akatia maji kwenye sufuria, akainjika. Ruthu akawa anacheka mpaka anashika ukuta.

"Mama! Mstari gani umesema uwashe jiko? Maji nani kakwambia utie?"

"Ala! Sasa ugali utapikwaje bila moto wala maji?"

"Haupikwi! Ndilo jibu. Sufuria tupu juu ya jiko baridi, na mtu amesimama anasubiri maji yachemke mpaka kiama."

Emiliana naye akacheka, machozi yakamtoka. "Mtu wa hivyo kwetu anaitwa zuzu."

"Ndiyo kompyuta, mama. Haina adabu. Haitazami pembeni."

"Na aliyeandika atajuaje kwamba amekosea?"

"Atajua akishinda njaa," Ruthu alisema, akaacha kucheka. "Ila wewe ukimwashia jiko kila siku na kumtilia maji, atatembea mji mzima akijisifu anajua kupika."

Mtoto yule! Alisema akaenda zake kuanua nguo, kana kwamba hajasema kitu. Emiliana akabaki anasonga ugali, na ugali siku hiyo ukawa na mabuje ya unga mbichi.

Tangu hapo akaanza kupata. Haikuwa rahisi, maana kila alipokutana na kosa kwenye zoezi mkono ulimwasha kama mtu anayeona kola ya mwenzake imepinda. Alijilazimisha. Mstari kwa mstari, kiberiti kwa kiberiti, akaandika upuuzi uleule ambao mashine ingeutoa. Raphael akawa anamwekea alama nyekundu za vema, bado anamwamkia kwanza. "Mama, sasa unasoma," alimwambia siku moja. Emiliana alifurahi kama mtoto wa darasa la kwanza, akaona aibu kwa kufurahi kwake.

Wiki moja kabla ya mtihani, Mwajabu alikwenda Kondoa kwenye msiba wa shangazi yake. Asubuhi hiyo Mzee Lameck alimletea Emiliana rundo la rasimu, akaliacha mezani na kwenda zake kwenye kikao huku akipiga mluzi. Emiliana akachapa ya kwanza, akachapa ya pili. Ya tatu ilikuwa barua ya kwenda Utumishi.

"Kuhusu agizo la kupunguza wapiga chapa, napendekeza Ndugu Mwajabu abaki katika kitengo. Ndugu Emiliana aachishwe kazi ifikapo tarehe 31 Juni, 1996."

Alisoma mara ya kwanza, akaisoma tena. Mzee amechanganya majina! Si ndiyo kawaida yake? Si juzi tu amemwita Mwajabu mbele ya wageni? Amekusudia Emiliana abaki, kalamu ikateleza. Vidole vilikuwa tayari juu ya mashine. Ilikuwa kazi ya kunyoosha tu, kama zote alizowahi kunyoosha. Jina hili liende pale, lile lije hapa. Mzee atatia saini bila kusoma, barua itaondoka, na Ruthu atasoma.

Lakini je, kama hakuchanganya?

Hapo ndipo mikono ilipoanguka mapajani. Maana kwa mara ya kwanza tangu aijue mashine ile, Emiliana hakujua mzee alikusudia nini. Na mwenye kujua alikuwa mmoja tu. Mwajabu angechukua penseli akaenda kugonga mlango. Mwajabu huyohuyo ambaye jina lake lilikuwa pale, naye yuko mbali anamlilia shangazi yake. Emiliana akawaza: nikiyabadilisha haya majina, nitakuwa nimemwaga chai ya mwenzangu. Akapiga moyo konde, akasubiri mzee arudi kikaoni, akainuka na ile rasimu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mwajabu. Karibu."

"Emiliana, mzee."

"Emiliana, ndiyo. Enhe?"

"Hii rasimu. Nilitaka kuuliza kama majina yamekaa ulivyokusudia."

Mzee Lameck aliipokea, akaitazama, na uso ukambadilika. Hakuwa mtu mbaya, nilishasema. Alikuwa amesahau tu kwamba barua hazijichapi zenyewe, kwamba kuna mtu anazisoma. "Ah," alisema. "Hii… hii ungempa mtu mwingine."

"Mwingine yuko msibani, mzee."

Akakohoa, akasogeza miwani. "Majina yako sawa. Usinielewe vibaya, mama. Kazi yako safi, nani hajui? Lakini hizi kompyuta zinataka mtu anayefikiri. Mwajabu nikimpa rasimu, anakuja, mzee hapa vipi, mzee pale vipi. Ananichosha, ila naona akili inafanya kazi. Wewe nikikupa ukurasa, unarudi ukurasa. Unanakili tu."

Unanakili tu! Haya, sema sasa, mama. Sema! Mwambie zile barua alizosifiwa ziliandikwa na nani. Mwambie nani aliyeipokonya Februari siku zake za ziada. Emiliana alifungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa nusu tu. "Mzee, na yale makosa…"

"Makosa gani? Kwako sijaona kosa hata siku moja."

"Si yangu, mzee."

Mzee Lameck alimtazama. Halafu akageuza macho dirishani, akayatazama magari uani kwa muda mrefu kuliko yalivyostahili. "Kachape, mama," alisema.

Akaenda akachapa. Machozi yalikuwa yanashuka na hakuyafuta, maana mikono ilikuwa na kazi. Alipofika kwenye tarehe, kidole kilikwenda kwenye tatu, kikainuka chenyewe kuelekea sifuri, kama kilivyozoea. Juni ina siku thelathini, hata mtoto anajua. Kidole kikasimama juu ya sifuri. Andika kitakachotoka, si kilichokusudiwa. Akakishusha kwenye moja.

Alikuwa na hasira? Alikuwa nayo, tena tele, nisikudanganye. Lakini hasira peke yake ingemfanya achane karatasi. Kilichomshika mkono kilikuwa uchovu wa kumtilia mtu maji kila siku na kuambiwa hujui kupika. Akachomoa barua, akaipeleka. Mzee akaitia saini bila kusoma.

Mwajabu aliporudi na kusikia, alilia kuliko Emiliana. "Nikatae? Niende nikamwambie sitaki?"

"Ukatae uende wapi na watoto wako? Acha ujinga," Emiliana alimjibu, na alikuwa anamaanisha. Siku ya mtihani walikaa dawati moja kama siku zote. Swali la kwanza lilikuwa na viberiti viwili na kosa lilelile la kikombe kisichokuwepo, ila namba zilikuwa nyingine. Emiliana alilifanya huku anatabasamu. Wote wawili walifaulu, na Emiliana alimpita Mwajabu kwa mbali. Raphael alimpa karatasi yake kwa mikono miwili, safari hii akasahau hata kumwamkia.

Mwezi wa sita ulikuwa unakata roho ile barua iliporudi kutoka Utumishi. Mtu fulani mwenye kalamu nyekundu alikuwa ameizungushia tarehe duara, akaandika pembeni: "Juni ina siku thelathini. Rekebisheni, mturudishie." Mzee Lameck akamwita Emiliana, naye alikuwa amekasirika kweli.

"Umechapa wewe hii?"

"Mimi, mzee."

"Hukuiona hiyo tarehe?"

"Niliiona."

"Sasa kwa nini hukurekebisha kama kawaida?"

Neno likishatoka halirudi. Mzee Lameck mwenyewe alilisikia likipita, akajaribu kulifukuzia kwa kupekua mafaili yaliyokuwa mbele yake, lakini lilikwisha kufika. Kama kawaida. Kumbe alijua! Muda wote ule alijua! Emiliana akashika ukingo wa meza ya mkubwa wake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Ulikuwa unajua," alisema.

Mzee alivua miwani, na bila miwani alionekana mzee wa kweli. "Mwanzo nilidhani naandika vizuri," alisema. "Baadaye nikaanza kulinganisha rasimu zangu na nakala za faili. Nikaona. Ningekuja kwako niseme nini, mama? Kadiri siku zilivyokwenda ndivyo nilivyoshindwa. Nikikuona unapita kwenye varanda na makaratasi, naona makosa yangu yanatembea. Mwajabu akinikosoa, ananikosoa moja, tunalimaliza, tunacheka. Wewe umeyabeba yote, kimya."

"Nilikuwa nakusitiri, mzee."

"Najua. Na mimi nikajisitiri nyuma yako."

Emiliana alitaka kupiga kelele. Alitaka pia kumhurumia, na hayo mawili yakagombana kifuani mwake. "Basi rudisha jina langu," alisema. "Kama unajua, lirudishe."

"Majina yamekwisha kupitishwa." Mzee alikuwa anaongea kwa sauti ya chini sana. "Kilichorudi ni tarehe tu. Nilikwenda mwenyewe leo asubuhi kuuliza. Wamenicheka kwa hiyo Juni yangu, halafu wakaniambia majina hayafunguliwi tena. Ungeniambia zamani, mama. Siku zile za mwanzo. Ungeniambia tu, mzee hapa umekosea."

Mzee alikuwa anasema kweli, na ukweli wake ulikuwa na uonevu ndani yake, na Emiliana aliuona wote, kweli na uonevu, kila kimoja mahali pake.

"Niandikie basi," alisema. "Andika unavyotaka isomeke. Nitachapa."

Mzee Lameck akavuta karatasi safi. Akaandika tarehe thelathini, akahesabu siku za Juni kwa vidole chini ya meza, Emiliana akamwona. Halafu akavuta karatasi nyingine, akaandika barua ndefu kidogo ya kumtambulisha popote atakapokwenda kuomba kazi, maana ofisi za watu binafsi zilikuwa zinafunguliwa mjini na zilitaka watu wenye vyeti vya kompyuta. Aliandika taratibu, akifuta na kurudia, jasho likimtoka. Mwisho akamkabidhi zote mbili.

Emiliana alizisoma palepale, amesimama. Tarehe ilikuwa sawa. Majina yalikuwa yamekaa kama yalivyopitishwa. Katika ile barua ya pili mzee alikuwa ameandika kwamba mama huyu ndiye aliyenyoosha barua zote za kitengo, na kwamba sifa alizopewa mkuu wa kitengo zilikuwa za mpiga chapa wake. Emiliana alisoma hapo mara mbili. Sentensi ya mwisho ilisema: "Katika miaka yote tuliyofanya kazi pamoja, hakufanya kosa hata moja."

Akairudisha karatasi mezani, akaweka kidole juu ya ule mstari.

"Mzee, hapa umekosea."

Mzee Lameck akavaa miwani haraka, akainama. "Wapi? Tahajia?"

"Tahajia iko sawa. Kosa nilifanya, mzee. Moja. Ila nililifanya kila siku."

Mzee aliutazama ule mstari kwa muda. Akachukua kalamu, akaiinua, akaishikilia hewani. "Nifute?"

Emiliana alifikiri kwanza. "Acha," alisema. "Nitachapa ulivyoandika."

Akaenda kwenye mashine yake, akaingiza karatasi.